Mjukuu Wangu, Usimbembeleze Mbwa kwa Smoki

Mjukuu wangu, huyo mbwa wako ama anaumwa ama amekujua. Ni moja kati ya hayo mawili. Na wewe, badala ya kutafuta ni lipi, unatoka mbio kila jioni hadi Landhies Road kumnunulia soseji za smoki.

Nimekuona. Laini yetu yote imekuona. Unapita na kijibwa cheupe kwapani, kimechanwa manyoya kukushinda wewe nywele, unamwambia muuzaji akate vipande vidogo, asitie pilipili. Kachumbari anatia. Mbwa ananusa, anageuza uso, ananusa tena, halafu anakubali vipande viwili kwa kukufanyia hisani. Wewe unacheka. Mimi sicheki, mwanangu. Nimekaa katika nyumba hizi za reli tangu enzi za East African Railways, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na mbwa wa namna hiyo nimewaona wakiingia Muthurwa ndani ya kikapu na kutoka ndani ya gunia.

Kwa hiyo nisikilize. Nakusihi, nisikilize kabla hujarudi kwa yule wa smoki.

Mbwa wa hapa wa zamani hakujua kuchagua. Alikula ukoko wa ugali na mifupa, akalala mlangoni, akabweka mgeni akija. Hawa wadogo wa manyoya wamekuja juzi tu. Mnawanunua kwa vijana wanaowainua mikononi kando ya barabara magari yakipita, mnaambiwa ana miezi miwili, kumbe ana wiki tano na alipaswa kuwa bado kwa mama yake. Mtoto wa mbwa hatolewi kwa mama kabla ya wiki nane. Aliyetolewa mapema huja na tumbo la minyoo, hana chanjo hata moja, na kula kwenyewe bado hajakujua sawasawa. Mnamlaza juu ya kitanda, mnampa jina la mwanamuziki, halafu mnalalamika kwamba anadeka.

Basi kwanza mtazame. Nasema mtazame, sikusema mpige picha.

Manyoya ni mwongo mkubwa. Mbwa mwenye manyoya marefu anaweza kukonda hadi mfupa na bado akaonekana mnene kwa mbali. Leo, jua likiwa kali, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, na kabla hujamfuta mwangalie alivyo. Pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Mbwa mwenye afya mbavu zake unazigusa kwa wepesi lakini huzioni, maana kuna nyama kidogo juu yake. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kinaonekana bila kuzidi. Lakini ukiona mbavu zimesimama, mifupa ya nyonga imechomoza, mapaja yamebaki ngozi, hapo hakuna cha kujadiliana. Madaktari wa mifugo wana vipimo vyao vya kutoka 1 hadi 9: mbwa wa 1 ni mifupa inayotembea, wa 9 ni pipa, na mzuri yuko kwenye 4 au 5. Wako, kwa macho yangu ya uzee, hafiki 3.

Mbavu zikihesabika, zihesabu na siku. Hilo nimelisema mimi, wala usiende kulitafuta kitabuni.

Mpime na uzito. Ile mizani ya vijana wanaopima watu kando ya njia haikufai, kwa sababu inakosea hata kwa nusu kilo, na kwa mbwa wa kilo 2 nusu kilo ni robo ya mwili wake. Na usithubutu kumweka kwenye mizani ya mwenye maharagwe pale sokoni, utatuletea vita. Nenda kwa daktari wa mifugo, au tafuta mizani ndogo ya jikoni, umweke ndani ya karai, utoe uzito wa karai. Andika kwenye kalenda. Wiki ijayo pima tena, siku ile ile, saa ile ile, kabla hajala. Mbwa wa kilo 2 akipungua gramu 200 tu amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na wewe kwa macho hutaona kitu.

Sasa tuje kwenye huku kuchagua kwake. Jumamosi moja usiende kazini. Kaa kwenye benchi na umfuate mbwa wako kwa macho tangu asubuhi, tena usimwite. Utaona mambo.

Akitoka mlangoni, mtoto wa jirani anamkatia mandazi. Pale bombani, mama anayefua anamtupia kipande cha mkate uliobaki kwenye chai. Anaingia kwa fundi viatu, fundi anakula githeri, naye hapiti bure. Yule mama wa chapati humhifadhia ile ya kwanza iliyoungua. Wale vijana wa mikokoteni wakirudi kutoka soko la Marikiti wana mutura kwenye gazeti, na mutura una vitunguu na pilipili. Kufika saa kumi na mbili ndipo wewe unarudi kutoka Gikomba, umechoka, unapika wali na maini kwa upendo wako wote, unamwekea. Anageuza uso. Unalia kwamba hali. Mwanangu, huyo amekula tangu alfajiri!

Mbwa mzima wa kilo 3 anatosheka na kalori 200 hadi 250 hivi kwa siku nzima. Chapati moja nene ya kibandani inaweza kuifikisha hesabu hiyo peke yake. Basi tumbo lake dogo limejaa unga na mafuta, hakuna cha kujenga nyama, na nafasi ya chakula cha maana haipo tena. Ndiyo maana amekonda na tena anakataa sahani. Mbwa wa kila mlango hana sahani.

Dawa ya hilo haiuzwi dukani. Ni kuzunguka nyumba hadi nyumba, kwa adabu, ukiwaambia majirani: shikamoo mama, shikamoo mzee, naomba msimpe kitu huyu mdogo, anaumwa. Sema anaumwa. Ukisema yuko kwenye utaratibu wa chakula watakucheka hadi Kaloleni. Watoto nao wape kazi badala ya kuwakataza tu: yule aliyekuwa akimpa mandazi mfanye awe ndiye anayemjazia maji kwenye bakuli. Mtoto aliyepewa cheo hulinda sheria kuliko askari.

Halafu mtafutie mahali. Hapa kwetu matatu zinapiga honi tangu alfajiri, soko lililofunguliwa mwaka 2008 limetuletea mikokoteni hadi mlangoni, na mbwa wakubwa wa mtaa wanajua saa ya kila sahani. Mbwa mdogo akila huku anageuka nyuma, anakula nusu tu. Nyingine anaikimbia. Mwekee sahani ndani, nyuma ya kitanda, mlango umefungwa, uzime redio. Nimewahi kuona mbwa aliyeitwa mchaguzi mwaka mzima, kumbe alikuwa mwoga. Siku sahani ilipohamishwa kutoka barazani, alikula.

Saa za kula ziwe zile zile kila siku. Aliyevuka miezi mitatu mpe mara tatu kwa siku, na aliyekonda sana mpe mara nne, kidogo kidogo. Weka sahani, ukae kimya. Usimwimbie. Usimlishe kwa kidole. Usipige magoti ukimwambia kula mtoto wa mama, kula. Dakika 15 zikipita, au 20, ondoa sahani bila ugomvi, wala usilete kitu kingine mpaka saa ya mlo unaofuata. Ni hapo wengi wenu mnaposhindwa. Anakataa wali, mnaleta yai. Anakataa yai, mnaleta kuku. Anakataa kuku, mnatoka mbio kwenda kununua smoki. Yeye ameketi hapo akijifunza kwamba kukataa kunalipa. Sahani ikibadilishwa kila uso ukikunjwa, uso hautakunjuka.

Lakini nisikie vizuri hapa, mjukuu wangu, maana hapa ndipo watu huua mbwa kwa kutii neno nusu. Ukali huo wa kuondoa sahani ni wa mbwa mzima mwenye afya. Si wa kitoto. Mtoto wa mbwa wa aina ndogo, aliye chini ya miezi minne, hana akiba mwilini. Akikosa kula kwa saa chache tu sukari ya damu huanguka. Utamwona anatetemeka, anayumba, macho yamelegea, halafu analala na haamki. Yeye hapaswi kukosa mlo, na usiku mmalizie chakula kabla hujalala. Ukimwona ameanza kulegea, mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Halafu mkimbize kwa daktari, usingoje kuche. Tafadhali usingoje kuche. Wengi wa wale wa kwenye gunia niliokuambia waliondoka kwa njia hii, usiku mmoja, mwenyewe akidhani amelala.

Minyoo sasa. Sitachoka kuisema hata ukikunja pua.

Minyoo huketi mezani kabla ya mwenye sahani. Mtoto wa mbwa huzaliwa nayo, au huipata kwenye maziwa ya mama. Anapaswa kupewa dawa akiwa na wiki mbili, kisha kila wiki mbili hadi afike miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita, halafu kila baada ya miezi mitatu. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito, ndiyo maana nimekusumbua na mizani. Usigawe kidonge cha mbwa wa boma kwa jicho. Ukiona chini ya mkia vitu vyeupe mfano wa punje za mchele, hiyo ni tegu iliyoletwa na viroboto, na ukitibu tegu bila kuua viroboto umefanya kazi ya bure. Na kupe, hata mmoja, mtoe. Kupe wa Nairobi huacha ugonjwa kwenye damu: mbwa anakonda polepole, homa inakuja na kwenda, fizi zinakuwa nyeupe badala ya waridi, na kitu cha kwanza anachofanya ni kukataa chakula. Unaona? Unamwita mchaguzi, kumbe damu inamwisha.

Fungua na mdomo. Kati ya miezi minne na saba anabadilisha meno, fizi zinauma, chakula kigumu hakitaki. Hawa wadogo nao wana tabia ya kubaki na meno ya utotoni huku ya ukubwani yameshaota, na kinywa kinanuka. Kama ni meno, lainisha chakula na umwonyeshe daktari. Tena mbwa mdogo akikaribia mwaka, hamu ya kula hupungua kwa sababu amemaliza kukua. Huyo hana tatizo, mwache. Si kila aliyepunguza kula anakufa. Ndiyo maana tunatazama mbavu kwanza, sahani baadaye.

Najua umesikia kwa vijana wa mtaani kwamba dawa ya kunenepesha mbwa ni mapafu mabichi kutoka soko la Burma, au matumbo ya mbuzi ya Kiamaiko, ya bei nafuu. Nakuomba usifanye hivyo. Kuna mnyoo mdogo sana anayekaa kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, yakimwingia mbuzi au ng'ombe huota mifuko ya maji kwenye ini na mapafu. Mbwa akila mapafu hayo mabichi, duara linafungwa. Na mayai hayo hayachagui. Yakiingia kwa mtoto aliyemshika mbwa kisha akala bila kunawa, mfuko huo huo wa maji unaota kwenye ini la mtoto, unakua kimyakimya kwa miaka. Turkana waliteseka na ugonjwa huo kupita karibu watu wote duniani, hadi shirika la AMREF likaanzisha kazi ya kuupiga vita huko miaka ya 1980: kupasua wagonjwa, kutibu mbwa, kufundisha watu. Wewe unataka kuuleta kwenye laini yenye watoto wote hawa, kwa sababu ya kilo moja ya mapafu?

Ukinunua mapafu au matumbo, yachemshe. Yachemke hasa, nusu saa na zaidi, si kuyatia maji moto ukayatoa. Mifupa iliyopikwa usimpe, huvunjika ikawa na ncha, ikamtoboa utumbo. Vitunguu vya aina yoyote ni sumu kwake, huvunja damu. Kwa hiyo ile kachumbari, ule mutura, na ule unga wa mchuzi wa pakiti unaotia kwenye wali ukidhani unamfurahisha, vyote weka mbali. Chokoleti na zabibu pia. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, na anayeharisha hawezi kunenepa.

Na unga! Hili huniuma. Nimeona watu wakinunua mahindi yaliyooza, yale yenye ukungu wa kijani, wakisema ni ya mbwa tu. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui sumu ya ukungu wa mahindi iliwapata watu 317, ikaua 125. Hao ni watu, wenye miili mikubwa kuliko mbwa wako. Mbwa ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo. Mwishoni mwa 2005 huko Marekani ilikutwa kwenye chakula cha mbwa cha kiwandani, ikaua mbwa wengi. Hula ini polepole: kwanza anakataa chakula, halafu analegea, halafu macho na fizi zinakuwa za manjano. Basi siku mbwa wako akinusa ugali wa gunia fulani na kuondoka, usimtukane. Nusa na wewe. Pua iliyokataa huenda ndiyo iliyoona. Unga usioweza kuusonga ukala na watoto wako, usimsongee mbwa.

Utaniuliza, basi babu nimpe nini? Hapa kwetu hatuna haja ya makopo ya Westlands. Tuna omena, wale samaki wadogo waliokaushwa.

Omena ni chakula cha mbwa mdogo kuliko unavyofikiri, kwa sababu inaliwa nzima, na mifupa yake laini ndiyo inayompa chokaa ya kujenga mifupa yake. Mbwa anayekua akilishwa nyama tupu miguu hupinda, maana nyama haina chokaa ya kutosha. Lakini usinunue ile iliyofagiwa sakafuni. Chukua ya kula watu, iliyokauka vizuri, isiyo na harufu ya uvundo. Imwage kwenye sinia, chambua mawe, ioshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu hadi mchanga uishe kwenye sufuria. Mchanga wa omena ni adui wa meno na wa utumbo. Chemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila nyanya. Ikiiva iponde kwa mwiko ndani ya maji yake. Changanya na wali laini au ugali mdogo, na malenge yaliyopondwa. Protini iwe nyingi na wanga uwe mdogo, usifanye kinyume. Tia kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia. Yai la kuchemsha, nusu, siku hii na siku ile. Maini mara moja kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, yasizidi. Mpe kikiwa na uvuguvugu, kwa sababu mbwa hula kwa pua, na chakula baridi hakinuki.

Ukiweza kununua chakula kikavu cha mbwa cha dukani, kile cha watoto wa mbwa wa aina ndogo, ni kizuri zaidi maana kimepimwa kila kitu ndani yake. Kilainishe kwa supu ya omena. Angalia tu kisiwe kimekaa kwenye gunia wazi dukani miezi na miezi. Na ukibadilisha chakula, badilisha kwa siku saba: kidogo kipya ndani ya kile cha zamani, ukiongeza kila siku. Tumbo la mbwa halipendi mshangao.

Usiwe na pupa. Nakusihi sana kwa hili. Nilifanya kazi kwenye mashine zile kubwa za Garratt zilizopewa majina ya milima. Moja, Mount Gelai, bado imesimama kwenye makumbusho ya reli hapa Nairobi, nenda ukaione. Zilikuwa zinachoma mafuta mazito. Kijana mgeni, akiona mvuke umeshuka na mlima uko mbele, alifungua mafuta yote kwa mara moja. Moshi mweusi ulijaa angani, moto ukasongwa, na mvuke ukashuka zaidi. Mwenye ujuzi alifungua kidogo, akaitazama rangi ya moshi, akaongeza kidogo. Mbwa aliyekonda ni hivyo hivyo. Ukimjaza mafuta ya nyama siku moja, kongosho yake huvimba, anatapika, analala na mgongo umepinda kwa maumivu. Na yule aliyekaa na njaa kwa siku nyingi, akishindiliwa chakula ghafla, anaweza kuanguka na kufa akiwa ameshiba. Ongeza kidogo, tazama choo chake, ongeza tena. Kikiwa kigumu na kimeshikana, endelea. Kikiwa maji, rudi nyuma.

Na kuna kukataa chakula ambako si kwa kuchagua hata kidogo. Mbwa akikataa chakula na maji, mate yakawa yanamtoka, taya likaning'inia, sauti ikabadilika, akawa anajificha gizani au kuuma hewa, usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Usimguse! Kichaa cha mbwa kiliripotiwa mara ya kwanza nchini mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi hii hii, na bado kipo. Serikali imejiwekea mpango wa kukimaliza kufikia mwaka 2030. Mbwa akikuuma au akikulamba kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa. Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na ile ya parvo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, ikirudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Mbwa asiye na chanjo ya parvo unaweza kumnenepesha mwezi mzima, ukampoteza kwa siku tatu za kutapika na kuhara damu.

Kinachonikosesha usingizi, mwanangu, hata si kifo. Mbwa wote hufa. Ni kile kinachotokea kabla, kwa wale wenye nyumba waliochoka. Nimekiona mara nyingi. Kijana ananunua, anapenda, anabembeleza kwa smoki, mbwa anakonda, anaanza kuharisha kwenye mkeka, chumba kimoja kinanuka, mwenzake wa chumba analalamika. Mwisho wa mwezi hakuna pesa ya smoki. Siku moja usiku mbwa anabebwa ndani ya mfuko hadi karibu na stendi ya Machakos Country Bus, anaachwa. Asubuhi utamwona katikati ya maganda ya ndizi na majani ya kabichi, manyoya meupe yamekuwa ya kijivu, anakimbia kila mwanamume mwenye viatu vinavyofanana na vya bwana wake. Wale wa mtaa humfukuza. Hajui kutafuta. Hakufundishwa kula hata kwenye sahani, atajulia wapi kula jalalani?

Usifike huko, nakuomba. Ukiona huwezi, sema mapema. KSPCA wapo Langata Road, chama hicho kilianza mwaka 1910, kazi yake ni kupokea wanyama na kushauri wenye wanyama. Hakuna aibu kwenda pale. Aibu ni ule mfuko wa usiku.

Lakini naona bado unaweza. Kwa hiyo kesho usimpe dawa yoyote ya kubahatisha, wala vitamini za rafiki yako. Mpeleke akapimwe. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko kampasi ya Upper Kabete, ndiko wanakofundishwa madaktari wenyewe. Panda matatu za Waiyaki Way asubuhi na mapema, umfunge kwenye kikapu chenye kitambaa, na umpe mlo mdogo kabla ya safari asije akawatapikia abiria. Beba kalenda yako yenye uzito. Beba na choo chake cha asubuhi, kibichi, ndani ya kikopo chenye kifuniko kinachobana, maana ndicho kitakachopimwa minyoo, na bila hicho watakurudisha nyumbani kukileta. Kondakta akiuliza umebeba nini, mwambie ni dawa ya babu.